Maji kwenye Shuka la Mama

Nilipomaliza mwaka wa kwanza wa masomo ya uzamili, nilikuwa najua kumfundisha mtu yeyote jambo lolote, isipokuwa baba yangu.

Nilisomea teknolojia ya elimu. Chuoni ukiniuliza maana yake ningekujibu kwa aya nzima, lakini kwetu mlimani, juu ya mji wa Nkubu, ilijulikana tu kwamba Kagwiria wa Mutugi, mwalimu mzima wa jiografia, ameomba ruhusa kazini akaenda kusomea sinema. Jirani yetu mzee Kithinji aliniuliza kwa upole kabisa kama nikimaliza nitakuwa nauza tiketi. Nikamweleza kwamba ni elimu ya kumsaidia mtoto aone kwa macho kile ambacho mwalimu anakitaja kwa mdomo: picha, ramani, projekta. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Kwa hivyo siku hizi walimu wameshindwa kuongea," akasema.

Mimi sijawahi kushindwa kuongea, waulize wanafunzi wangu. Shida yangu mwaka ule wa tisini na sita ilikuwa kwamba nampenda mtu, na baba hataki kusikia jina lake.

Mtu huyo ni Ndwiga. Alikuwa akifundisha kilimo katika shule yetu karibu na Siakago, Mmbeere wa Ishiara, mrefu, mfuga mbuzi na nyuki, na huongea kama anayeogopa maneno yatamwishia kabla ya jioni. Lakini ana namna ya kukuangalia. Anangoja umalize kusema, halafu anaendelea kukuangalia kidogo, kana kwamba kuna kitu umebakisha. Mimi ni mtu wa hasira za haraka. Nikiangaliwa hivyo hasira hunipotea, na hilo lenyewe hunikasirisha.

"Ni mtu wa wapi?" baba aliniuliza siku nilipomtaja.

"Ishiara, baba."

"Ishiara." Akaweka kikombe chini. "Huko chini kwa jua."

"Jua ni lile lile moja."

"Na maji? Kutoka mlango wao mpaka mtoni ni mwendo gani?"

"Kuna mpango wa bomba, baba."

"Hata mwaka ule nilipompeleka Kanana kulikuwa na mpango wa bomba."

Shangazi Kanana ni dada yake baba, kitindamimba wao. Babu alikufa mapema, kwa hivyo baba ndiye aliyekaa na wazee na kukubali Kanana aolewe kule kwenye ukame. Alirudi kwetu miaka mingi baadaye, mjane, na mfereji kwenye paji la uso. Kamba ya kubebea maji hupita hapo, mtungi ukakaa mgongoni, na kamba ikipita mahali pamoja ujana wako wote, mfupa hukubali. Unaweza kulaza kidole ndani yake.

Baba akiona nataka kumshinda kwa hoja hakujisumbua kujibu. Alisema tu, "Kanana, geuka kidogo." Shangazi, viazi mkononi, aligeuza uso kwenye mwanga, nikauona ule mfereji, na mjadala ukaisha. Chombo cha kufundishia chenye nguvu kama hicho sikukiona hata chuo kikuu.

Baadaye alilegeza kidogo. Wazee wa Ndwiga waje, lakini mara moja tu. "Nikisema hapana ni hapana," akasema, "na wewe utarudi kwa sinema zako." Nilijua hatanii. Nilijua pia kwamba Ndwiga hatakubali kunichukua bila baraka za nyumbani. "Sikuchukui kupitia dirishani," aliniambia. Kwa hivyo kila kitu kilikuwa kwenye siku hiyo moja.

Basi nikafanya nilichofundishwa. Kwanza, mchambue mwanafunzi wako. Mwanafunzi wangu alikuwa mwanamume wa makamo, mkulima wa majani chai, mzee wa kanisa, hajafika Ishiara tangu miaka ile na anaamini imebaki majivu. Pili, weka lengo: kufikia mwisho wa kipindi, baba ataweza kumtoa binti yake kwa mdomo wake mwenyewe. Tatu, chagua chombo. Nikachagua slaidi. Nilikuwa nimepiga picha nyingi huko kwa ajili ya tasnifu yangu, na projekta ya idara nilikuwa nayo kwa likizo yote.

Nilimweleza Ndwiga mpango huo tukinywa chai mjini Siakago.

"Ataona ndengu zilivyo kijani baada ya mvua," nikasema. "Ataona mbuzi wako, mizinga yako, nyumba ya mabati. Atashangaa mwenyewe."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Utakaa kimya. Mwenye kuoa hasemi siku hiyo, anasemewa na wazee wake. Hicho kipaji unacho."

Akatabasamu ndani ya kikombe. "Na mto?"

"Mto gani?"

"Onyesha na mto, Kagwiria. Mzee atauliza."

"Slaidi ya mto siweki hata moja."

"Si ni kama kumdanganya?"

"Ndwiga, nani anayesomea haya mambo, ni mimi ama ni wewe?"

"Ni wewe," akasema, na akaniangalia kwa ile namna yake. Nilikasirika hata nikammalizia mandazi yake.

Ukweli ni kwamba picha moja ya mto nilikuwa nayo, na haikuwa ya kuonwa na mtu mwingine. Profesa wangu aliikuta kati ya slaidi za tasnifu akaiinua kwenye taa. "Hii inathibitisha nini?" akauliza. Nikasema ni mazingira ya utafiti. Akaiangalia tena. "Haya mazingira yanakupenda," akasema, akanirudishia.

Siku ikafika, Jumamosi. Walikuja wazee kutoka Ishiara wakiongozwa na Mbogo, baba mdogo wa Ndwiga, mnene, mwenye kofia, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Walileta kibuyu cha asali na kondoo jike mmoja aliyekuwa akilia kwa baridi ya kwetu. Nyuma yao akaja Ndwiga katika koti la suti, macho chini, mabega yakiomba msamaha kwa urefu wake.

Sebule nilikuwa nimeitayarisha. Jenereta ya kanisa ilinguruma nyuma ya boma la ng'ombe na waya ukapita dirishani. Shuka jeupe la mama, lile la wageni wakubwa, lilikuwa limetandazwa ukutani. Madirishani nilitundika mablanketi, maana projekta haitaki mwanga. Wazee wakaingia kutoka kwenye jua la saa tano wakaanza kupapasa viti.

"Kwani kuna msiba?" Mbogo akauliza.

"Ni teknolojia," Kithinji akamjibu, kwa sauti ya mtu aliyeizoea. Yeye ndiye alikuwa msemaji wetu.

Ndipo likazuka lile ambalo hakuna kitabu cha chuo kilichonitahadharisha. Kwa desturi, msichana anayeombwa hakai na wazee. Anakaa jikoni mpaka aitwe. Na mashine hakuna mwingine aliyejua kuiwasha.

"Huyu mwalimu hawezi kuwa hapa," mzee mmoja wa Ishiara akasema.

"Mashine nayo itajiendesha?" shangazi Kanana akauliza kutoka mlangoni. Yeye aliruhusiwa kukaa. Mjane wa umri wake haulizwi.

Wazee wakateta. Mwishowe Kithinji akasafisha koo. "Wenzangu, mnamwona Kagwiria?"

Wakaangaza huku na huku gizani. Hapana, hawakumwona.

"Kama haonekani, hayuko," Kithinji akasema. "Tuendelee."

Kwa hivyo mimi sikuwepo. Nilisimama nyuma ya projekta, nikijua kwamba mbele yangu, kwenye kiti cha tatu kutoka ukutani, kulikuwa na Ndwiga. Nilimtambua kwa kikohozi chake.

Mbogo akaanza kumsifu kijana wao. Nilitamani kumziba mdomo.

"Huyu ni mwanamume kamili," akasema. "Kwetu mwanamume hashiki kazi ya mwanamke. Hajui sufuria ina mifuniko mingapi. Nyumba yetu, toka babu, hakuna mwanamume anayejua hata njia ya mtoni."

Alidhani anatupendeza. Nilisikia kiti cha baba kikilia.

"Njia ya mtoni anajua nani?" baba akauliza.

"Wake wetu. Na ni hodari, mzee. Wanaamka alfajiri wenyewe."

Nilijua anatafuta kule gizani shangazi alipokaa, na nilijua sentensi gani inafuata. Nikawasha mashine kabla hajasema Kanana ageuke.

Mwanga ukapiga shuka. Wakatokea mbuzi wa Ndwiga, wanono, wanang'aa, wakitembea angani, miguu juu.

Wazee wakainamisha vichwa kuwatazama.

"Ni jua," baba akasema taratibu. "Limewapindua."

Nikabonyeza. Mizinga ya nyuki ikatokea imesimama juu ya mawingu, na mti ukining'inia kutoka mizingani. Nikabonyeza tena, na nyumba ya mabati ikawa imelalia paa. Slaidi hupangwa kichwa chini ili picha ikae sawa ukutani, na mimi nilizipanga hivyo kwa mikono yangu asubuhi. Nilinong'ona, "Nani ameshika slaidi?"

Sauti ya Kithinji ikatoka gizani, yenye fahari. "Nilipita hapa nikakuta umeziweka vichwa chini, mwalimu. Nikazisimamisha zote. Usinishukuru."

Nilichosema moyoni sitakiandika. Nikachomoa gurudumu linaloshika slaidi kwa haraka ili nizigeuze, na kwa haraka hiyo hiyo likaniponyoka. Slaidi zikamwagika mezani na sakafuni, zikaangusha na boksi la slaidi za tasnifu lililokuwa wazi kando yake. Nikapiga magoti nikipapasa kwenye viatu vya wazee wasiojua nipo. Mmoja alisogeza mguu kwa adabu. Mkono mwingine ukashuka kutoka kiti cha tatu, mkubwa, wenye sugu za jembe, ukaniwekea slaidi kiganjani na ukakawia hapo kidogo. Nikasahau nilikuwa natafuta nini.

"Kuna panya?" Mbogo akauliza.

"Hakuna kitu," Kithinji akamhakikishia.

Nikaichomeka ile slaidi ya kiganjani, nikabonyeza, nikainua macho.

Ilikuwa ni mto. Na picha ilikuwa imesimama wima, kwa bahati mbaya.

Siku niliyoipiga ilikuwa wakati wa kiangazi. Nilikuwa nimeshinda huko nikipiga picha za somo la maji, na mtungi wa nyanya yake Ndwiga nilijitia kuubeba mimi, pamoja na sanduku la vifaa vya picha na kamera. Nusu ya mlima nikakaa chini kwenye vumbi nikalia kwa uchovu, mimi mwenye digrii. Ndwiga akaja kutoka shambani. Akaufunga mtungi, akapitisha kamba kwenye paji la uso wake kama afanyavyo mwanamke, akaubeba mgongoni ili mikono ibaki huru, akachukua na sanduku. Wanawake wa mtoni wakamcheka mpaka wakashikana. Yeye akapanda. Nikafuata nyuma, halafu nikakimbia nikampita, nikageuka, nikampiga picha.

Sasa alikuwa hapo, mkubwa kama ukuta, kwenye shuka la wageni la mama. Kichwa ameinamisha, sanduku mkononi, kamba imemkaza paji, shingo imesimama mishipa, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Na macho yake yameinuka, yanamwangalia mpiga picha. Ile namna yake.

"Huyo si yeye," Mbogo akasema, mbio mbio.

Akawageukia wenzake.

"Ni mtu anafanana naye. Kule kwetu wako wengi wanafanana. Wazee, mwanamume wa nyumba yetu hawezi—"

"Ni mimi, baba mdogo."

Ndwiga alikuwa amesema. Maneno mawili matatu tu, lakini siku hiyo hakuruhusiwa hata moja, na wazee wa pande zote mbili wakaguna kwa pamoja.

"Amesema," Kithinji akatangaza. "Hiyo ni mbuzi. Atalipa mbuzi."

"Nitalipa," Ndwiga akasema.

"Sasa ni wawili."

Nilikuwa nimeshika kitufe, tayari kuiondoa ile picha. Nilikuwa nimelipoteza somo, nilijua. Watu wake nimewaaibisha, baba yangu nimemwonyesha mto wenyewe, mlima wenyewe na mtungi wenyewe, vyote nilivyovificha. Machozi yalinijaa. Nikasikia hatua za mtu zikienda mbele, na kivuli kidogo cha mwanamke kikaingia kwenye mwanga.

Shangazi Kanana alisimama mbele ya shuka. Akainua mkono akagusa ile kamba, pale inapopita kwenye paji la uso la Ndwiga. Kisha akagusa paji lake mwenyewe.

"Ameifunga vibaya," akasema. "Imepanda sana juu. Itamteleza."

Mtu akacheka, akajizuia.

"Miaka yote ile, Mutugi," shangazi akasema bila kugeuka, "hakuna mwanamume aliyenipokea hata kibuyu. Hata wewe siku ulipokuja kunitembelea. Nilikupita njiani na mtungi, ukanisalimia vizuri."

Jenereta ilinguruma. Nikasikia kiti cha baba kikilia tena.

"Nani alipiga picha hii?" baba akauliza, uso wake ukielekea gizani kwangu.

"Baba Kagwiria," Kithinji akamkumbusha, "huko nyuma hakuna mtu."

"Najua. Nauliza tu." Akangoja. "Huyu kijana amebeba maji. Amebeba na sanduku. Na huyo asiyekuwepo, yeye alikuwa amebeba nini?"

Nilijaribu kutafuta jibu la mtu aliyesoma.

"Kamera, baba," nikasema.

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, halafu wazee wa Ishiara, halafu wetu, mpaka Mbogo akavua kofia na kujipepea. "Kumbe ana kazi ngumu," akasema, akifuta macho. Kutoka kiti cha tatu nilisikia Ndwiga akicheka, na mimi ambaye sikuwepo nikacheka na kulia kwa pamoja.

Baba hakucheka. Aliinuka, akalitoa blanketi moja dirishani, jua likaingia, na picha ikafifia kwenye shuka mpaka ikabaki kama doa la maji. Akamtazama Ndwiga kwa mara ya kwanza tangu afike, paji la uso hasa. Kisha akapita katikati ya wazee, akaenda mpaka mlango wa jikoni.

"Mama Kagwiria," akaita, "maji ya kunawa huwekwa wapi?"

Huko jikoni vijiko vyote vikanyamaza.

"Maji ya nani?" mama akauliza.

"Ya wageni. Nayapeleka mimi."

Akarudi na birika mkono mmoja na karai mkono mwingine, akitembea kama anayevuka mto kwenye gogo. Kithinji akanyanyuka nusu. "Kwa hivyo tunakula na hawa watu? Tumekubali? Mimi kama msemaji sijasikia."

"Wewe hunawa ili ukae njaa?" baba akamuuliza.

Kwa desturi angeanza na Mbogo, aliyekuwa ameshakunja mikono ya shati. Baba akampita. Akasimama mbele ya shangazi Kanana, akainama, akaweka karai chini, akaanza kummiminia. Alimimina vibaya, mengi kwenye nguo kuliko mikononi.

"Pole pole, unanilowesha," shangazi akasema.

Hakuacha. Mikono ya shangazi ilikuwa safi zamani na bado alimimina. Ndwiga aligeuka kwenye kiti akaniangalia, sasa naonekana kwa kila mtu, nikiwa na slaidi kwenye nywele, na safari hii sikuwa nimebakisha kitu. Birika likaisha kwa Kanana peke yake, na wageni tukawaacha wangoje, mikono mbele, hadi baba aliporudi jikoni kuchota lingine.